Saa Ishirini na Tatu za Daktari wa Meno

Namba moja ilipokosa mnunuzi nilijiambia kwamba watu bado wanatafuta viti. Namba mbili ilipokosa nikasema wanaoneana haya, hakuna anayetaka kuanza. Ilipofika namba saba ukumbi ulikuwa kimya, feni ya darini tu ndiyo iliyosikika, nami nilikuwa nimeishiwa visingizio. Nikawa naitazama nyundo mkononi mwa shemeji yangu kama mgonjwa anavyoitazama sindano.

Shemeji ndiye mwenye ile nyumba ya mnada. Amemuoa mdogo wangu, na tangu siku ya harusi hatujawahi kuongea dakika tano bila kutaniana. Ananadi makabati, vyombo vya fedha, picha za ukutani, na chochote ambacho warithi wameshindwa kukubaliana nani akichukue. Mimi ni fundi saa wake. Nina meza yangu chumba cha nyuma, penye dirisha linaloingiza mwanga wa asubuhi, na nina lenzi ninayoibana jichoni kutwa nzima, ndiyo maana ananiita Jicho Moja. Mimi namwita Nyundo, maana anapogonga ndipo anapofikiri.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, na tulikuwa tunanadi saa arobaini za mkono za mtu mmoja. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, amefariki mwaka uliotangulia. Alizinunua moja moja kwa miaka thelathini na tano, akazihifadhi pamoja na stakabadhi zake ndani ya makopo ya biskuti. Mjane wake alituletea makopo manne. Siku ya mnada alikaa mstari wa mbele, mikono juu ya mkoba, na ubavuni mwake alikaa kaka wa marehemu, mtu wa kifua na sauti, ambaye ukoo mzima humwita Kaka Mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

Saa zile tulikuwa tumezipanga kwa ubora, nzuri mbele, za kawaida nyuma. Nzuri zenyewe zilikuwa ishirini na tatu, na zote nilizifanyia kazi kwa mikono yangu hii. Nilizifungua, nikazisafisha, nikazitia mafuta, nikazivika mishale mipya na vioo vipya, na sita kati yake nikazipa hata nyuso mpya, mpaka ukizitazama zinakukonyeza. Wiki sita nzima. Kisha muda ukaniishia, zile kumi na saba za nyuma nikaziacha na uchakavu wake, na kwenye kitabu cha mnada nikaandika chini ya kila moja: haijafanyiwa matengenezo, tunaomba radhi. Niliona aibu kama mtu aliyeingiliwa na wageni kitanda hakijatandikwa.

Basi zile ishirini na tatu zikatoka kapa. Hakuna hata moja iliyofika bei ya chini tuliyoiweka, na nyingi hazikutajiwa bei kabisa. Halafu zile kumi na saba zikauzwa zote, lakini nani alikuwa na moyo wa kusikiliza? Mtu aliyeunguliwa na nyumba hashangilii kuokoa ufagio.

Kaka Mkubwa alisimama kabla viti havijaanza kukunjwa, akasema kwa sauti ya kufika mlangoni kwamba yeye aliyasema haya tangu zamani: mdogo wake alikuwa na akili ya meno tu, mengine yote aliyafanya kitoto. Watu wawili watatu walicheka kwa adabu. Mjane hakugeuka.

Alinifuata chumba cha nyuma, akanikuta nazirudisha saa kwenye makopo. Nilimpa kiti, hakukaa. Aliniambia hakufuata pesa. Nyumba anayo, na malipo ya uzeeni yanaingia. Kilichomleta ni kitu kingine. Kwa miaka thelathini na tano mashemeji zake walimcheka mume wake kwenye meza yake mwenyewe, wakila chakula chake, na yeye akamtetea kwa imani tu, bila kujua saa nzuri wala mbaya. Alikuja mnadani ili kwa mara moja watu wa nje wamjibie.

"Fundi, wewe umezifungua zote mpaka matumboni," akasema. "Niambie kweli. Mume wangu alikuwa mjinga?"

Ningeweza kumpa maneno matamu, lakini huyu mama hakuwa mtu wa kudanganywa kwa peremende. Nilimwomba anipe mpaka Jumatatu.

Jumatatu yenyewe ilikwisha kuwa na shughuli yake. Jioni ileile, Shemeji akiwa bado na tai shingoni, alinieleza tafsiri yake ya matokeo. Watu hawana pesa, alisema, ndiyo maana vya bei ya chini vimekwenda na vya bei ya juu vimebaki. Pili, vijana wanatazama wakati kwenye simu, saa ya mkono imebaki kuwa pambo la wazee. Tatu, na hapa alinionea huruma kidogo, labda nyumba yetu ibaki na makabati. Hakusema meza yangu itahamia wapi. Alikuwa amepata ofa ya kutuokoa na aibu: kuna mtu yuko tayari kuzichukua zote ishirini na tatu kwa mkupuo, na mjane atakuja Jumatatu saa sita mchana kutia saini. Kaka Mkubwa alikwisha kuikubali kwa niaba yake.

Mtu huyo tunamwita Jumla. Ni mfanyabiashara wa vitu vya zamani, mpole, mwenye viatu visivyo na vumbi msimu wowote, na hajawahi kununua kitu kimoja akiweza kununua kumi. Bei aliyoitaja ilikuwa ya kutupa. Ukiigawanya kwa ishirini na tatu, kila saa ingeuzwa kwa bei ya mkanda wake.

Jumapili asubuhi nilifungua mlango wa nyuma kwa ufunguo wangu, nikatandaza karatasi za mnada mezani. Shemeji ana ubaya wake, lakini karani wake huandika kila kitu: makadirio, kila bei iliyotajwa, na namba ya kibao cha aliyeitaja. Nilikaa hapo na kalamu nyekundu nikiwa na hasira za mtu anayetafuta wa kumpiga.

Nilianza na ukosefu wa pesa, na tafsiri hiyo haikufika mbali. Namba thelathini na moja, saa ya kawaida, tuliyoiweka nyuma na kuiombea radhi, iliuzwa mara tatu ya makadirio. Bei yake ilipita ile tuliyoiomba kwa namba nne, ambayo ilikosa mtu. Aliye na pesa ya kununua cha nyuma kwa bei ya cha mbele hawezi kuitwa masikini. Nikapiga mstari.

Nikaenda kwenye simu za vijana. Vibao vilivyogombania zile kumi na saba vilikuwa kumi na kimoja tofauti, na ninaowakumbuka kwa sura nusu yao hawajaota mvi. Binti mmoja mwenye miwani alibishana na mzee mmoja kwa namba ishirini na tisa mpaka nikadhani watapigana. Nikapiga mstari wa pili.

Nikafikiri labda wanunuzi walichelewa kufika. Hapana. Wote kumi na mmoja walikuwepo tangu mwanzo, niliwaona wakipiga miayo. Na siku ya maonyesho, Ijumaa, niliwaona wakiziinamia saa zangu nzuri kwa lenzi zao. Kila mmoja aliinama, akatazama kidogo, akairudisha saa mahali pake kwa heshima, kama unavyorudisha mtoto wa watu uliyeshikishwa kwa makosa. Siku ile nilidhani wamezidiwa na uzuri.

Namba nne na namba thelathini na moja zilinikaa rohoni. Nilitafuta stakabadhi kwenye kopo. Zilikuwa pacha. Kiwanda kimoja, mwaka mmoja, na daktari alizinunua siku moja, duka moja, karatasi moja. Moja niliitengeneza, nyingine sikuigusa. Iliyobaki na mishale yake ya kahawia, kioo chake chenye mikwaruzo na uso wake uliopigwa na jua, watu waliigombania. Iliyopita mikononi mwangu haikutajiwa hata bei ya kuanzia.

Sasa niseme wazi, sikuipokea vizuri. Nilisimama, nikazunguka meza, nikasema maneno ambayo mdogo wangu asingependa niyarudie mbele ya watoto wake. Miaka ishirini na saba nimefanya kazi hii. Watu huniletea saa zilizokufa na kuondoka nazo zikipumua. Nikajiambia ni bahati mbaya tu, pacha mmoja hathibitishi kitu. Nikazirudia karatasi kutoka juu hadi chini, na kila nilipopita nilikuta ukuta palepale, kati ya namba ishirini na tatu na namba ishirini na nne, pale nilipoishiwa na muda.

Kilichonimaliza kabisa ni barua ya Jumla. Ilikuwa juu ya meza ya Shemeji, nikaisoma bila kuona haya, maana mlango ulikuwa wazi na mimi nina jicho moja tu. Ilikuwa fupi. Anachukua saa ishirini na tatu, na chini, kwa herufi za kawaida, kana kwamba anaomba mfuko wa kubebea: pamoja na bahasha zote za vipuri vilivyotolewa.

Inabidi nieleze kuhusu bahasha. Fundi saa anayejiheshimu hatupi alichokitoa. Mshale wa zamani, kioo cha zamani, hata skrubu iliyokatika, kila kimoja kinaingia kwenye bahasha ndogo, bahasha inaandikwa namba, na mwenye saa anakabidhiwa pamoja na saa yake ili ajue hakuibiwa. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyofanya. Wateja wengi huitupa bahasha kwenye pipa la kwanza wanalokutana nalo. Sikuwahi kumsikia mtu akiziomba.

Na huyu Jumla, nikafungua tena karatasi kuhakikisha, ndiye aliyenunua tano kati ya zile kumi na saba, kwa bei za juu kuliko wote. Mtu anayejua kulipa vile kwa saa chafu anataka nini na saa zangu safi? Alitaka kuzivua nilichozivika. Alitaka kuzirudishia mishale yake, nyuso zake na vioo vyake vya zamani, kisha aziuze moja moja kwa bei tuliyoiota sisi. Takataka zangu ndizo zilikuwa mali, na kazi yangu ndiyo iliyokuwa takataka.

Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi langu nililiona Jumapili saa tano asubuhi, kwenye mwanga mzuri. Ningetegemea kulia. Badala yake nilianza kucheka peke yangu, nikacheka mpaka nikashika meza, kwa sababu kama tatizo ni mimi, basi si daktari wa meno. Nilivuta droo ya chini. Bahasha zote ishirini na tatu zilikuwemo, zimepangwa kwa namba, na namba zimeandikwa kwa mwandiko wangu.

Jumatatu nilifika na nguo niliyoivaa siku ya harusi ya mdogo wangu. Shemeji aliniuliza kama nimeposwa. Nilimjibu kwamba akae kitako, leo nitamtia aibu kisha nitamsitiri, na asichanganye lipi ni lipi. Ofisini walikuwepo watu wanne: yeye nyuma ya meza, mjane kwenye kiti kilichonyooka, Kaka Mkubwa aliyejaza sofa, na Jumla karibu na dirisha na viatu vyake. Karatasi ya mauzo ilikuwa mezani, kalamu juu yake.

Kaka Mkubwa alimsukumia mjane kalamu na kumwambia amalize, muda unakwenda. Hapo nikaomba ruhusa nimuulize Bwana Jumla swali moja dogo.

"Ukizichukua saa, bahasha tukabaki nazo sisi, bei ni ileile?"

Jumla alitabasamu. Alisema bahasha ni takataka tu, lakini yeye ni mtu wa utaratibu, anapenda vitu vikae pamoja. Nikamwambia kama ni takataka atuachie, sisi tuna pipa kubwa. Akatazama viatu vyake. Akasema basi, ili tusikwaruzane kwa jambo dogo, ataongeza kidogo. Shemeji, ambaye masikio yake huamka likitajwa neno kuongeza, aliuliza kidogo ni ngapi. Jumla akataja mara mbili ya bei ya kwanza.

Kaka Mkubwa alikuwa wa kwanza kusema. Alimwambia mjane ashukuru Mungu na atie saini haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Mjane aliweka kalamu chini, taratibu, akanigeukia mimi.

"Fundi, mtu haongezi mara mbili kwa ajili ya takataka. Hizo bahasha zina nini?"

Mficha uchi hazai. Niliziweka zote mezani, nikafungua ya kwanza, nikamwaga mishale miwili ya kahawia juu ya karatasi nyeupe. Nikaeleza yote kuanzia namba moja hadi arobaini, pacha wawili, vibao kumi na kimoja, mpaka barua. Nikamweleza kwamba wanaonunua saa za zamani hawanunui wakati, wakati wanao kwenye simu zao. Wananunua saa iliyobaki na vitu vilevile ilivyotoka navyo kiwandani, iliyozeeka bila kubadilishwa, na vitu hivyo mume wake alivitafuta kwa miaka thelathini na tano mpaka akavipata. Mimi nilivitoa kwa wiki sita nikidhani nazipendezesha.

"Mume wako hakuwa mjinga, mama," nikamwambia. "Ukumbi ule wote ulisema hivyo Jumamosi, sisi ndio hatukusikia. Alichagua saa arobaini na hakukosea hata moja. Mjinga alikuwa mimi, na ujinga wangu unafumuliwa, kwa sababu sikutupa kitu."

Kukiri kosa mbele ya shemeji unayemtania kila siku ni sawa na kumpa fimbo na kumwonyesha mgongo. Lakini nilipomaliza nilijisikia mrefu. Mjane alikuwa ameshika ule mshale mmoja mdogo kwa ncha za vidole, anautazama bila miwani, na machozi yanamtoka bila yeye kuyajali.

Jumla, lazima nimpe haki yake, hakuwa mtu wa kugombana. Alikunja barua yake, akaniambia kwa heshima kwamba ameulizia bahasha hizo kwa mafundi wengi na karibu wote walikuwa wamezitupa, kisha akauliza mnada wa pili utakuwa lini ili asikose kiti. Kaka Mkubwa alisema tunacheza kamari na mali ya marehemu. Mjane alimjibu kwamba marehemu mwenyewe aliicheza kamari hiyo miaka thelathini na tano, na inaonekana alishinda. Akaniuliza nahitaji muda gani. Nikasema wiki tisa.

Shemeji alingoja wageni watoke. Nilijiandaa kwa matusi. Akasema katika maisha yake yote hajawahi kuona fundi anayelipwa mara ya pili ili aharibu alichokitengeneza mara ya kwanza, na kwamba angenifukuza kazi kama asingeogopa kulala sebuleni. Kisha akanyakua kitabu cha mnada, akaanza kufuta mwenyewe maneno ya kuomba radhi, ingawa saa hizo zilikwisha kuuzwa.

Zile wiki tisa nilijifunza kazi upya. Mikono yangu imezoea kusonga mbele. Kuirudisha nyuma kuliniumiza kama kuandika kwa mkono wa kushoto. Niliiacha mitambo ndani ikiwa safi, maana usafi wa ndani hauna mgomvi, lakini kila kilichoonekana kwa macho nilikirudisha. Mshale uliofifia, uso wenye madoa, kile kichwa kidogo cha ubavuni cha kutilia saa ufunguo, kilicholika na vidole vya mtu mmoja. Nilipomaliza namba nne niliinua lenzi na kuitazama kwa macho yote mawili, na kwa mara ya kwanza niliona alichokiona daktari dukani siku ile. Ilikuwa nzuri kuliko nilivyoifanya mimi. Niliona wivu kidogo, kisha nikafurahi.

Namba tisa ilinitoa jasho. Kioo chake cha zamani kilipasuka siku nilipokitoa, na ufa hauungwi. Nilikirudisha na ufa wake, nikaandika kitabuni: kioo ni cha asili, ufa ni wa fundi. Shemeji aliniuliza kama ni lazima. Nikamwambia kwamba safari hii wanunuzi watasoma kila neno, basi wasome la kweli.

Wakasoma. Mnada wa pili viti havikutosha, karani akaazima mabenchi ya jirani. Namba moja iliondoka kwa mara mbili ya makadirio kabla watu hawajamaliza kukaa. Namba nne ilichukuliwa na mtu yuleyule aliyenunua pacha wake, akaipokea kama anayempokea ndugu uwanja wa ndege. Namba tisa na ufa wake ilipita bei niliyoiandika kwa penseli na kuificha kwa aibu. Jumla alikaa nyuma, akanunua saba, na kila alipotaja bei alinitazama na kutikisa kichwa kwa upole. Mimi nilisimama kando ya ukuta, nimekunja mikono kwapani nisije nikapiga makofi kabla ya wakati. Nilikuwa nimejaa. Nimewahi kufurahi siku za nyuma, lakini siku ile furaha ilinifika mpaka kwenye meno.

Mjane alikaa palepale mstari wa mbele. Safari hii hakuja na Kaka Mkubwa tu. Alikuwa amewaalika mashemeji wote watano, akawapanga ubavuni mwake kwa umri, na kila nyundo ilipogonga alikuwa akiwasomea makadirio kutoka kitabuni kwa sauti ya chini, iwapo wamesahau. Kaka Mkubwa alianza alasiri akiwa amekunja nne. Ilipofika namba kumi alikuwa ameshusha mguu. Ilipofika namba kumi na tano alitoka, nikadhani amekwenda zake, kumbe alikwenda kwa karani kujiandikisha. Alirudi na kibao chenye namba.

Ya mwisho, namba ishirini na tatu, ilikuwa saa nyembamba ya chuma cheupe, ile daktari aliyoivaa kazini. Shemeji alifungua bei, na kibao cha kwanza kupanda kilikuwa cha Kaka Mkubwa. Alikipandisha kwa nguvu, mtu anayetarajia wengine wampishe. Binti mwenye miwani akapandisha chake. Kaka Mkubwa akapandisha tena. Binti naye. Mara ya tatu aliinua kibao nusu, jasho limemtoka juu ya mdomo, na yule binti akamfuata bila hata kuinua macho kutoka kwenye kitabu.

Shemeji aliisimamisha nyundo hewani, akamtazama Kaka Mkubwa kwa adabu zote. Ukumbi ukangoja. Kaka Mkubwa alimwinamia mjane, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alimwomba aiondoe mnadani. Alisema ni ya ndugu yake, damu moja, haifai kwenda kwa mgeni. Amwambie tu mnadi, mwenye mali anaruhusiwa.

Mjane alifikiri, na uso wake haukuwa na ubaya wowote. Kisha akamshika kiwiko, kwa upole kabisa, akakisukuma juu.

"Inua mkono, kaka," akamwambia. "Watu wanangoja."

Hakuuinua. Shemeji alihesabu mpaka tatu, nyundo ikagonga, ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mjane alikuwa wa kwanza kusimama.